Tramadoli, ile dawa ya maumivu, haijakushika? Sio lazima uwe unadeka

Jamani hii kauli ya "mbona wa kitanda cha pili kapewa hiyohiyo na katulia, huyu anadeka tu" imenichosha. Naisikia wodini hapa Mtwara kwa ndugu wa wagonjwa na, kinachoniudhi zaidi, kwa wahudumu wenzangu. Mama katoka kujifungua kwa operesheni, kameza tramadoli, saa mbili zimepita bado anasaga meno, anaambiwa ajikaze. Ajikaze nini?

Sikilizeni. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, karibu haina kazi mpaka ini liigeuze kuwa mofini, ambayo ndo inatuliza, na tramadoli nayo nguvu yake kubwa inakuja ikishageuzwa. Anayegeuza ni kimeng'enya kinaitwa CYP2D6 na jeni yake tumerithi tofauti tofauti, wapo ambao haifanyi kazi kabisa, wapo inasuasua (ile aina ya jeni inayoandikwa *17 ni ya kawaida sana kwetu Waafrika, Watanzania tumo), na wapo wenye nakala za ziada, hao ini linageuza mbio mbio, Ethiopia wamekutwa wengi. Kwa hiyo kidonda kilekile, kidonge kilekile, mmoja hapati kitu na mwingine analewa mpaka pumzi inapungua. Kudeka kumeingiaje hapo?

Ndo maana Marekani 2013 walitoa onyo kali kuhusu kodeini kwa watoto waliotolewa tonsili, maana walishakufa watoto, na 2017 wakasema chini ya miaka 12 asipewe kodeini wala tramadoli. Wewe unayemkatia mwanao kidonge kilichobaki cha baba yake, acha leo.

"Basi nimeze mbili." Weee! Tramadoli ikizidi inaleta degedege. Omba ubadilishiwe, mofini, panadoli na diklofenaki haziingojei CYP2D6.

"Group langu la damu ni O ndo maana." Hamna uhusiano.

"Sisi Wamakonde hatusikii maumivu, bibi zetu walichanjwa uso." Bibi zetu heshima yao, ila kabila sio kipimo, hata ndugu wa tumbo moja wanatofautiana.

"Mpaka nikapime DNA Dar?" Hapana, anza na historia yako. Ukionana na mtu wa ganzi kabla ya operesheni mwambie dawa gani iliwahi kushindwa, ipi ilikulewesha kupita kiasi, na ung'ang'anie iandikwe kwenye faili, juu kabisa, hata kama anaangalia saa.