Cameron: ofisa wa manowari aliyeipiga vita biashara ya utumwa kwa kalamu

Nafundisha historia ya misafara ya bara, na kila mara naona jambo lilelile: Livingstone na Stanley wanajulikana na wote, Verney Lovett Cameron hana anayemkumbuka. Binafsi namwona ndiye shahidi wa kusomwa kwa makini kuliko wote wawili.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1844, akaingia jeshi la majini angali mtoto wa miaka 13. Baada ya vita vya Uhabeshi vya 1868 akatumwa kwenye doria ya kuyasaka majahazi ya watumwa katika pwani yetu. Kazi hiyo ilimfunza kwamba kukamata majahazi hakutoshi. Maovu yenyewe yalianzia bara, na huko ndiko alikotaka kwenda.

Nafasi ikapatikana mwaka 1873, alipopewa msafara wa kumpelekea Livingstone msaada. Mwenzake mmoja aliuawa na homa wakiwa hawajafika mbali. Mwezi Oktoba, huko Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakakutana na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, wamebeba maiti yake. Cameron akaona ni heri azikwe palepale, kwa hatari za njiani. Wao wakakataa, wakaifikisha pwani. Hapo waliokuwa na msimamo ni watumishi, wala si ofisa.

Angeweza kurudi nao, lakini akaendelea hadi Ujiji, na Agosti 1874 akawa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Livingstone alikufa akiamini mto huo huenda ukawa Nile. Cameron akapima kwa vifaa vyake, kama mwanamaji yeyote: kwa vipimo vyake, Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, kituo kilichokuwa ukingoni mwa Nile, na maji ya Lualaba, hata wakati wa kiangazi, ni zaidi ya mara 5 ya yale ya Nile huko Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Huo ulikuwa Kongo.

Alikosa mitumbwi ya kuteremkia mto, akashika njia ya kusini, akaishia kuandamana na msafara wa Alvez, mfanyabiashara wa watumwa kutoka Bihé, katika Angola ya leo. Siku moja mshirika wa Alvez aliwasili na wanawake 52 waliofungwa kamba, wengine wana watoto mgongoni. Cameron hakuishia kulaani, alipiga hesabu: ili kuwapata hao 52, vijiji visivyopungua 10 viliangamizwa, navyo vilikuwa na watu wapatao 1,500. Sijui ukurasa mzito kuliko huo katika maandishi ya wasafiri wa enzi ile.

Novemba 1875 alifika Atlantiki akiwa hoi kwa kiseyeye, Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya ikweta kutoka mashariki hadi magharibi. Kitabu chake, *Across Africa*, kilitoka mwaka 1877.

Lakini dawa aliyoipendekeza inanitia uchungu. Aliamini reli, meli za mvuke na biashara halali ndivyo vitakavyoua utumwa, na mwaka 1876 alihudhuria mkutano wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mjini Brussels, ambako maneno hayohayo ya huruma yalitumiwa kufungua njia ya kuitwaa Kongo. Cameron alikuwa mkweli. Leopold hakuwa.

Aliacha jeshi mwaka 1883, akawa anaandika hadithi za vijana, hadi alipoanguka kutoka kwenye farasi na kufa mwaka 1894. Ukimsoma, anza na sura za Alvez, ndipo uende kwenye zile za biashara.