Ubongo Unapokutana na Neno Usilolitarajia

Mtu akikuambia, "Baridi ya Julai hapa Uyole ilinilazimu nivae sufuria," unashtuka kabla hujacheka. Mshtuko huo huacha alama ya umeme inayoweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, walionyesha kwamba neno lisilooana na maana ya sentensi huzua wimbi la upande wa hasi ambalo hufikia kilele milisekunde 400 hivi baada ya neno kutokea. Ndiyo maana linaitwa N400, N ikiwa ya neno la Kiingereza "negative", yaani hasi.

Wengi hudhani kwamba N400 ni kengele ya makosa, na sivyo. Kila neno lenye maana huizua, isipokuwa ukubwa wake hutegemea jinsi neno lilivyotarajiwa: "sweta" lingeleta wimbi dogo, "kanzu" la wastani, na "sufuria" kubwa.

Upimaji wenyewe hauna maajabu. Mshiriki huvalishwa kofia yenye elektrodi (vidude vya kunasa umeme), kila moja ikipakwa jeli inayopitisha umeme, naye husoma sentensi neno kwa neno kwenye skrini. Mbinu hii ilianza kujulikana mwaka 1929, Mjerumani Hans Berger alipochapisha kumbukumbu za umeme wa ubongo wa binadamu. Kinachosumbua ni udogo wa wimbi tunalolitafuta: ni mikrovolti chache tu, ilhali kupepesa jicho mara moja huzalisha umeme mkubwa kuliko huo mara nyingi. Kwa hiyo mshiriki husomeshwa sentensi kwa makumi, kisha wastani hukokotolewa. (Mwenye misuko minene naye hutuchelewesha, kwani elektrodi ni lazima ifike kwenye ngozi, na kofia nyingi hazikubuniwa kwa kufikiria nywele zetu.)

Kosa la sarufi mara nyingi hutoa wimbi jingine. Katika lugha zilizochunguzwa, upatanisho unapovunjwa hufuata wimbi la upande wa chanya, P600 (P ya "positive"), karibu milisekunde 600 baada ya neno husika. Kiswahili kingefaa sana kwa uchunguzi wa aina hii, kwa kuwa ukisikia "Viazi vya Umalila kimeoza", kosa limekaa katika kiambishi kimoja kifupi. Kwa wanaojifunza lugha ya pili, P600 huweza kuwa ndogo au kutoonekana kabisa mwanzoni, ikajitokeza kadiri wanavyoimudu lugha. Hata hivyo, mtoto wa Rungwe aliyeanza na Kinyakyusa haingii katika Kiswahili mikono mitupu, maana lugha yake nayo ina ngeli.

Ubongo hupima mrejesho vilevile, kwa kuulinganisha na matarajio. Mwaka 1997 Wolfgang Miltner na wenzake waliwaomba washiriki wabonyeze kitufe pale walipohisi kwamba sekunde moja imepita, kisha wakawajulisha kama wamepatia au wamekosea. Taarifa ya kukosea ilizua wimbi hasi sehemu ya mbele ya kichwa, kati ya milisekunde 200 na 350 hivi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wimbi hilo hufuata tofauti kati ya matokeo yaliyotarajiwa na yaliyopatikana, jambo linalohusishwa na kemikali ya dopamini.

Kwa walimu, naona kipengele cha muda ndicho kizito zaidi. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wimbi hili hufifia mrejesho ukicheleweshwa hata kwa sekunde chache, na kwamba hapo ubongo hutegemea zaidi hipokampasi, eneo la kumbukumbu za matukio. Hii haina maana kwamba mrejesho uliochelewa haufundishi. Mwanafunzi wa Tukuyu anayerudishiwa daftari la insha baada ya wiki moja hujifunza kwa njia nyingine, na njia hiyo humdai akumbuke alikuwa akifikiri nini alipoandika "kimeoza". Msahihishaji anayeandika sababu pembeni ya alama ya kosa humrahisishia kukumbuka. Anayeweka mkwaju mwekundu peke yake humwachia kazi yote.