Kipa hapimwi kwa futi

Majaribio ya vijana hayajaanza, mzee mmoja kashanivuta pembeni: "Kocha, huyo wa kijani mpeleke beki tu, mfupi." Kijana mwenyewe hajagusa hata mpira! Nimechoka na wimbo huu wa kwamba kipa lazima awe mrefu.

Kipa Yoshikatsu Kawaguchi alistaafu mwaka 2018 akiwa na mechi 116 za timu ya taifa ya Japani. Kimo chake? Kama mita 1.80. Olimpiki ya 1996, pale Miami, Brazili ya Bebeto na Roberto Carlos ilipiga mashuti 28 na haikupata kitu. Japani ilishinda 1-0. Na bao lenyewe: Dida, kipa wa Brazili, jitu la zaidi ya mita 1.90, alitoka kufuata mpira, akagongana na beki wake Aldair, Ito wa Japani akausukumia wavuni goli likiwa tupu. Urefu ulikuwepo, bwana.

Mnamtazama kipa mikononi. Mimi mazoezini hukaa nyuma ya goli nikitazama visigino. Mshambuliaji anapovuta mguu, kipa awe ameshatulia, uzito uko mbele ya nyayo, visigino vimenyanyuka kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi. Kutoka hapo anapiga hatua fupi ya pembeni, ndipo anaruka. Shuti likimkuta bado anatembea, hata awe twiga atachelewa. Mipira inayokwenda juu kabisa, karibu na mtambaapanya, ni michache. Mabao mengi ninayoyaona hupita usawa wa kiuno kushuka.

Penalti sitaziongelea sana. Waulizeni timu ya Jordan ya Kombe la Asia 2004, au Srna wa Kroatia kwenye Kombe la Dunia 2006: Kawaguchi aliwazuilia.

Ila kwenye krosi hoja yangu huanza kuchechemea. Kawaguchi alikwenda klabu ya Portsmouth mwaka 2001, daraja la pili Uingereza, kwenye kona za viwiko na vifua. Alicheza mechi chache tu za ligi, na Dave Beasant, kipa mrefu aliyekwishapita miaka 40, akamweka benchi. Siwezi kusema kimo hakikuhusika. Wafupi wangu nawafundisha kupiga ngumi badala ya kudaka, na kuna siku nahisi ninachowafundisha ni woga.

Yule wa kijani alifungwa moja, kwa kona, katikati ya miili. Mashuti mengine yote yalimkuta visigino viko juu. Nimemwambia arudi Jumanne.