Kwa nini mataifa yenye fedha bado yanauziana mali kwa mali?

Mwaka 1972 kampuni ya PepsiCo ilikubaliana na Umoja wa Kisovieti ipeleke soda huko na kulipwa vodka ya Stolichnaya, nayo ikaiuze Marekani. Rubli, sarafu ya Kisovieti, haikuwa na soko nje ya nchi yake, na dola zilikuwa adimu.

Jibu la haraka basi ni uhaba wa fedha za kigeni. Lakini halitoshi. Mwenye vodka angeweza kuiuza mwenyewe Marekani, apate dola, anunue soda. Mbona afunge biashara mbili kwa kamba moja? Kwa sababu kuuza ugenini kunadai maghala, mawakala na jina linaloaminika, na muuzaji wa soda tayari alikuwa navyo.

Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni uaminifu. Tarehe 1 Februari 1970, mjini Essen, Ujerumani Magharibi ilikubali kuwapa Wasovieti mabomba ya chuma ya kampuni ya Mannesmann kwa mkopo wa benki za Kijerumani, na kampuni ya Ruhrgas ikaahidi kununua gesi yao. Taifa kubwa likikataa kulipa deni, nani atalishika? Hapa mapato ya kulipia deni yalitoka kwa mnunuzi Mjerumani, na bila mabomba gesi isingefika.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayejenga kiwanda na kulipwa bidhaa za kiwanda hicho. Akifunga mitambo mibovu, malipo yake mwenyewe ndiyo yatakayokuwa mabovu. Mnunuzi asiyejua mitambo hupata hapo dhamana kubwa kuliko cheti chochote.

Gharama nayo ipo, na mara nyingi hufichwa. Anayepokea shehena asiyoihitaji humtafuta dalali wa kuiuza kwa punguzo, kisha hulirudisha punguzo hilo ndani ya bei ya mtambo wake. Serikali hujisifu kwamba haikutoa dola hata moja, kumbe imelipa zaidi. Hili linanikera hasa kwenye ununuzi wa silaha, ambako mlipakodi haoni bei halisi ya upande wowote.

Ndiyo maana leo mapatano mengi hugawanywa katika mikataba miwili ya fedha taslimu: mmoja wa kuuza, mwingine wa kununua. Mzigo wa pili ukichelewa, malipo ya kwanza hayasimami, na kila bei inasomeka peke yake.