Feni Yangu Imewekwa Nyuma kwa Sababu Sina Hela?

Umeagiza feni asubuhi, jirani yako wa Ilazo kaagiza friji mchana. Jioni friji limefika, feni bado. Hapo ndipo utasikia lile neno: "Hawa wa mtandaoni wanaangalia mwenye hela." Nimepaki mizigo ya duka la mtandaoni hapa Dodoma kwa miaka mitatu. Neno hilo lina ukweli wake, ila si pale watu wanapoutafuta.

"Oda kubwa hutangulia." Mara nyingi friji lilitangulia kwa kuwa lilikuwa stoo ya hapa hapa, feni yako iko Kariakoo. Toka Dar es Salaam ni kama kilomita 450, na mzigo ukikosa basi leo unangoja la kesho. Kwenye simu picha za friji na feni zilikaa bega kwa bega, basi ukadhani na vyenyewe vimekaa hivyo.

"Kupanga wateja kwa madaraja ni mchezo wa siri." Madaraja yapo, na maduka makubwa ya dunia huyauza hadharani. Amazon ilianzisha Prime mwaka 2005: wakati huo mteja wa Marekani akilipa dola 79 kwa mwaka, bidhaa zilizomo kwenye mpango zilimfikia ndani ya siku mbili bila nauli ya ziada. Huyo kanunua haraka yake, hana deni na mtu. Kinachouma ni daraja ambalo hukulipia wala hukuambiwa. Aprili 2020, wakati wa korona, kampuni hiyo hiyo iliwaweka wateja wapya wa vyakula kwenye orodha ya kusubiri ili iwahudumie kwanza waliokuwapo. Hapo hakuna aliyeuliza nani ana hela.

Na hata wanaopiga hesabu ya thamani ya mteja hawaangalii oda ya leo peke yake. Wanakadiria faida watakayopata kwake kwa muda wote atakaonunua. Kwa hesabu hiyo, mama wa Nkuhungu anayechukua pampasi kila mwezi anaweza kumzidi mwenye friji, ambaye akishanunua hatumwoni tena.

"Nikilipa mzigo ukifika, niko sawa na wengine." Uko salama, ndiyo. Sawa, hapana. Kwa maduka madogo kama letu, upangaji wenyewe unafanyika hapa. Bodaboda ana mizigo saba na mafuta ya kubana. Anaanza na waliokwisha kulipa. Akienda mpaka Ihumwa, mteja akachungulia getini na kusema "nimeghairi", safari hiyo nani anailipa? Sisi hatukuwa na programu yoyote ya kupima watu. Tulikuwa na daftari la kaunta na kalamu nyekundu: ukikataa mzigo mara mbili, jina lako linapigwa nyota, na mwenye nyota hupelekewa mwisho. Mizigo ya Mji wa Serikali, Mtumba, ilitoka mapema kwa sababu ni mingi na njia ni moja. (Bosi fulani akipiga simu mwenyewe, basi na sababu nyingine ilikuwepo. Nisidanganye.)

Anwani nayo watu wanaidharau. "Kisasa, ulizia kwa muuza chapati" itapitwa na aliyetuma lokesheni, hata kama yeye kanunua kifuniko cha simu tu. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba, lakini wanaotuandikia namba hiyo ni wa kuhesabu.

"Mteja mdogo hana pa kuuliza." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Kwa miaka yangu mitatu pale kaunta hakuja hata mmoja kuuliza ameandikwa nini. Angekuja, ningeona aibu kumfungulia ule ukurasa, maana baadhi ya nyota tulizipiga kwa hasira ya siku hiyo na hatukuzifuta.