Kinga ya mwili: kwa nini wingi wake si kipimo cha afya

Ni nadra kuingia duka la dawa, za hospitali au za miti shamba, ukakosa kichupa kinachodai "kuongeza kinga". Anayeuza huzungumza kana kwamba kinga ni kitu kimoja, na aliye nayo nyingi ndiye mzima. Sivyo ilivyo.

Kinga ya mwili ni kazi ya pamoja ya seli nyeupe za damu, protini zilizomo kwenye damu, uboho zinamozaliwa seli hizo, tezi, bandama, hata ngozi. Inatambua kisicho cha mwili au kilichoharibika, inakishambulia, kisha inaacha. Hilo la mwisho husahaulika, wakati magonjwa mengi yanatokana na kinga kushindwa kuacha.

Kifua kikuu kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko ugonjwa mwingine ninaoufahamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu duniani wameshaambukizwa bakteria wa TB, lakini wanaokuja kuugua ni asilimia 5 hadi 10 tu. Bakteria ni yule yule aliyetangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kinachotofautiana sana ni mwili unaompokea.

Bakteria huyo akivutwa na pumzi hadi ndani ya mapafu, humezwa na seli ziitwazo makrofaji. Kwa kawaida makrofaji ikishameza mdudu humsaga akaisha, ila huyu ana ganda lenye nta na anaweza kuishi ndani ya seli iliyommeza. Basi makrofaji nyingine huja kulizunguka eneo, na seli T, aina ya seli nyeupe za damu, hukaa pembeni zikitoa kemikali za kuzichochea. Hapo hujengeka kinundu kidogo kiitwacho granuloma. Kwa watu wengi habari huishia hapo: hakuna kikohozi, hakuna homa, bakteria amefungiwa.

Kwa wachache, katikati ya kinundu tishu hufa na kuyeyuka, pafu linapata shimo. Shimo likifunguka kwenye njia ya hewa, bakteria hutoka kwa kila kikohozi na kuwafikia walio chumba kimoja na mgonjwa. Na shimo hilo bakteria hakulichimba peke yake: sehemu kubwa ya vimeng'enya vinavyolila pafu hutoka kwenye seli za mgonjwa mwenyewe. Kinga inayopambana ndiyo inayobomoa nyumba na kumfungulia mdudu mlango.

Ushahidi uko kliniki. Mgonjwa wa TB anayeishi na VVU, ambaye CD4 zake (seli T zinazoshambuliwa na VVU) zimeshuka chini ya 200 kwa kila mikrolita ya damu, mara nyingi hana mashimo hayo kwa kuwa hana seli za kutosha za kuyatengeneza. Picha ya eksirei inaweza kuonekana safi. Makohozi yakiwekwa chini ya darubini hayaonyeshi kitu. Huku nyuma anakonda, anatoka jasho usiku, na TB imesambaa mwili mzima. Hii ni sababu mojawapo ya vipimo vya jeni kama GeneXpert, na kile cha mkojo, kuwa mkombozi mkubwa kwa wagonjwa hawa.

Akianza ARV, kwa baadhi ya wagonjwa hutokea jambo linaloishtua familia. Wiki chache baadaye homa inapanda, tezi za shingo zinavimba, na kila mtu nyumbani anasema dawa zimemdhuru. Kumbe ni kinga iliyorudi kazini ikawakuta bakteria wamejaa, ikacharuka. Madaktari huiita hali hii IRIS. Kwa kawaida ARV haziachwi. Dawa za TB zinaendelea, na akizidiwa hupewa prednisolone ya kuituliza ile kinga tuliyokuwa tukiililia irudi.

Upande mwingine yuko mgonjwa wa baridi yabisi, ambaye kinga yake inashambulia utando wa viungo hadi vidole vinapinda. Kemikali kuu inayochochea uharibifu huo ni TNF. Dawa za kuizuia zilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa walipata nafuu kubwa. Lakini mwaka 2001 ilichapishwa ripoti ya watu 70 walioshikwa na TB baada ya kutumia infliximab, mojawapo ya dawa hizo, wengi wao ndani ya miezi michache tu. TNF ile ile inayokula viungo ndiyo iliyokuwa imeshikilia vinundu vya TB. Siku hizi mgonjwa hupimwa TB iliyolala kabla ya kuanzishiwa dawa hizo.

Saratani nayo imo. Seli T huwinda seli zilizobadilika, na kinga ikishuka baadhi ya saratani huongezeka: Kaposi ni mfano uliowatisha watu wengi enzi za kabla ya ARV, na wanawake wanaoishi na VVU wana hatari takriban mara sita ya kupata saratani ya mlango wa kizazi. Lakini kinga isiyotulia nayo hulea saratani. Mayai ya kichocho cha mkojo yakinasa kwenye ukuta wa kibofu, kinga huyazunguka na kuyashambulia kwa miaka. Tishu zinaumia, zinajijenga upya, zinaumia tena, na katika kujijenga huko makosa ya jeni hulimbikizana. Wanaoishi kandokando ya maziwa na mabwawa yetu wana kila sababu ya kumeza praziquantel, dawa ya kichocho, mapema.

Seli T zina breki, mojawapo ikiitwa PD-1, na uvimbe wa saratani umejifunza kuikanyaga ili usiguswe. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kuwa breki za namna hii zinaweza kuachiliwa kwa dawa. Baadhi ya wagonjwa waliokuwa hawana tumaini walipona. Wengine utumbo ulivimba, tezi ya thairoidi ikaharibika, mapafu yakashika moto, nao wakalazimika kupewa steroidi, dawa za kutuliza kinga kama ile prednisolone.

Mtu angetegemea basi kwamba kuiachilia breki kungeimaliza na TB. Watafiti walilijaribu kwa panya waliozaliwa bila PD-1. Walipoambukizwa, mapafu yao yalijaa bakteria na vidonda, wakafa upesi kuliko panya wa kawaida. Kwa binadamu pia zimeripotiwa TB zilizoibuka katikati ya matibabu ya saratani kwa dawa hizo.