Korona ya mkonge na korona ya barakoa: ninavyotafuta na kuchimba matini nikiwa Tanga

Mzee aliingia ofisini na kiberiti mkononi. Ana shamba la mkonge Magoma, wilayani Korogwe. Siku hiyo alikuwa na shughuli zake mjini Tanga, kwangu alipitia tu, kwa kuwa kijana wake alimwambia kuna mama anayejua kutafuta vitu mtandaoni. Baada ya shikamoo na marahaba akakifungua kile kiberiti juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na mdudu mmoja mkavu, mweusi tititi, mwenye mdomo uliojipinda kama wa fukusi wa mahindi, ila yeye ni mkubwa mara nyingi zaidi.

"Huyu ndiye anayenimalizia miche, mwanangu. Funza wake wanaingia ndani ya shina, mche unalala. Kijana ametafuta kwenye simu, hakuona kitu. Hebu nawe nitafutie."

Nikamuuliza kijana alitafuta kwa maneno gani. "Mdudu mweusi wa mkonge." Ni Kiswahili safi, na ndivyo mtu yeyote angeuliza. Shida ni kwamba hakuna mtaalamu aliyeandika hivyo. Injini ya utafutaji kazi yake kubwa bado ni kulinganisha maneno yako na maneno ya mtu mwingine aliyekaa mahali fulani akaandika. Siku hizi inajitahidi kukisia maana, na kwa Kiingereza cha kila siku hukisia vizuri, lakini ukiingia kwenye maandishi ya kitaalamu, hasa ya zamani au ya Kiswahili, usiitegemee. Kwa hiyo kabla sijagusa kibodi huchukua karatasi na kujiuliza: nani angeweza kuandika juu ya jambo hili? Aliandika lini, kwa lugha gani? Na yeye, kwa kinywa chake, angeliitaje?

Karatasi ya mdudu wa mzee ilijaa upesi. Wataalamu wa wadudu wa enzi za Tanganyika walimwita Scyphophorus interstitialis. Wa leo wanamwita Scyphophorus acupunctatus. Mdudu ni huyohuyo. Majina yalikuwa mawili, na sayansi ikabaki na moja. Ukitafuta kwa jina jipya peke yake, maandishi mengi ya zamani ya Afrika Mashariki yanakupita, na ukishika la zamani tu, utafiti wa leo unakupita. Kisha kuna Mexico, ambako mdudu huyu ndiko kwao, na ambako anashambulia mmea unaotengenezewa pombe ya tequila, ndugu wa mkonge wetu. Huko wanaandika kwa Kihispania na wanamwita "picudo del agave" au "picudo negro". Kwa hiyo swali langu kwa injini lilikuwa majina haya yote, kila moja ndani ya alama za kunukuu, na katikati yake neno OR kwa herufi kubwa. Herufi kubwa ni lazima. Mwishoni nikaweka filetype:pdf, kwa sababu ripoti na makala za utafiti mara nyingi hukaa kwenye faili za aina hiyo.

Hapo nikafanya kosa ambalo nalieleza ili wengine wasilirudie. Majibu ya kwanza yalikuja na kurasa nyingi za pombe, nami kwa haraka nikaongeza -tequila, yaani ondoa kila ukurasa wenye neno hilo. Kurasa za pombe zikaondoka. Zikaondoka pia karibu makala zote nzuri za Mexico, maana mtafiti wa huko hawezi kuandika juu ya mdudu huyu bila kutaja tequila. Alama ya kutoa ni panga. Siku hizi siitumii mpaka niwe nimesoma kwa macho kurasa mbili tatu za kile ninachotaka kukifukuza.

Nilipoiondoa, zikarudi makala kuhusu mitego. Madume wa mdudu huyu hutoa harufu inayowavuta wenzao, madume kwa majike, na watafiti wa Mexico wameichunguza harufu hiyo na kuiweka kwenye mitego pamoja na vipande vya mmea vilivyochacha. Nilimsomea mzee kwa Kiswahili, aya kwa aya. Nilipofika kwenye vipande vilivyochacha aliniambia nisimame. Alikuwa ameona wadudu wakijaa kwenye mabaki ya mashina yanayooza pembeni ya shamba lake, akadhani wanazaliwa na uozo. Palepale akaanza kupanga namna ya kuyaondoa mabaki yale.

Jambo hili la vikundi viwili vya maandishi visivyosomana lina historia. Mwaka 1986 Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago alisoma makala za mafuta ya samaki upande mmoja, na upande wa pili makala za ugonjwa wa Raynaud, ambao hufanya vidole vikose damu penye baridi. Makala za upande wa kwanza zilisema mafuta hayo hupunguza uzito wa damu. Za pili zilisema damu ya wagonjwa hawa ni nzito. Waandishi wa pande hizi mbili hawakuwa wakitajana. Swanson akaziunganisha, akapendekeza kwamba mafuta ya samaki huenda yakawasaidia wagonjwa hao, na baadaye majaribio ya kitabibu yakaonyesha dalili kwamba alikuwa kwenye njia. Hakuwa na maabara. Alikuwa na maktaba na subira. Nami naamini kati ya mashamba ya mkonge ya Tanga na mashamba ya Mexico kuna mengi yanayongoja mtu wa kuyaunganisha.

Na China pia. Pale Mlingano, wilayani Muheza, kwenye kituo cha utafiti wa mkonge, ndipo ilipopatikana mbegu chotara iitwayo Hybrid 11648. Mmoja wa wazazi wake ni Agave amaniensis, na jina hilo limetoka Amani, huko juu milimani. Chotara huyo alipelekwa China, akaenea, na Wachina wamemwandikia utafiti mwingi mno, hasa juu ya ugonjwa wa milia unaoletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora nicotianae. Sisomi Kichina. Lakini namba haina lugha. Nikiandika "H.11648" au "11648" pamoja na jina la kisayansi la ugonjwa, makala za Kichina zinajitokeza, na nyingi zina muhtasari wa Kiingereza mwanzoni. Tangu nigundue hivyo, kila ninapopewa jambo la kutafuta huuliza kwanza kama lina namba: namba ya mbegu, ya sheria, ya kesi, ya kiwanja, ya dawa.

Kutafuta kukifanikiwa huleta balaa la pili, kwamba maandishi yanakuwa mengi kuliko macho. Hapo ndipo uchimbaji wa matini unapoanza: unayaweka maandishi yote pamoja yawe kopasi, halafu unaiachia kompyuta ihesabu na kupanga. Na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Ofisi moja iliniomba nipime, kwa kutumia magazeti na taarifa za mtandaoni, habari za viwanda vya kuchakata mkonge zinaandikwa kwa wingi gani mwaka hadi mwaka. Mtu wa Tanga anajua kwamba mashine inayoponda majani na kuacha singa inaitwa korona. Wazee wa mashambani wamelitumia neno hilo miaka na miaka: korona imesimama, korona ya pale Hale, zamu ya korona. Nikaiambia programu ihesabu "korona". Mchoro ukatambaa chini mwaka baada ya mwaka, kisha mwaka 2020 ukapaa kama mnazi. Nikaukabidhi. Sikusoma sentensi hata moja kabla ya kukabidhi, na hilo ndilo kosa, maana sentensi moja tu ya mwezi Machi mwaka ule ingenionyesha barakoa na ndoo za maji tiririka. Nilirudi mwenyewe kuomba radhi na kurudia kazi bila malipo.

Dawa yake ni kutoliangalia neno likiwa peke yake. Unaiagiza programu ichukue kila mahali neno lilipo na ilipange katikati ya mstari, na maneno machache ya kushoto na machache ya kulia yakionekana. Hii ni mistari niliyoitunga kuonyesha tu:

majani yamekauka yakisubiri zamu ya — korona — iliyoharibika tangu Jumatatu
wanafunzi wote wavae barakoa kujikinga na — korona — wakiwa darasani na nje
bei ya singa iliyumba baada ya — korona — kufunga mipaka ya nchi nyingi

Mstari wa kwanza ni mashine. Wa pili ni ugonjwa. Wa tatu ndio unaonikosesha usingizi: ni ugonjwa, ila majirani zake ni wa mkonge. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alifundisha mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linayoandamana nayo, na wanaotengeneza programu za lugha bado wanalima shamba lilelile. Lakini majirani hawana uzito sawa. Karen Spärck Jones alionyesha mwaka 1972 kwamba neno linalopatikana kwenye kila maandishi halikusaidii kutofautisha kitu, na lile linalopatikana kwenye maandishi machache lina thamani kubwa. Kwetu "na", "ya" na "kwa" yamo kila mahali, hivyo nayapa uzito mdogo sana. "Barakoa" ni zito, "kuchakata" ni zito. "Singa" ni zito pia, ila angalia: nywele za singa nazo zipo, na matangazo ya saluni yaliwahi kuniingilia kwenye kopasi ya mkonge. Mistari ya aina ya tatu huisoma mwenyewe, mmoja mmoja. Hakuna njia ya mkato niliyoiamini hapo.

Kiswahili kina ugumu wake mwingine ambao vitabu vya Kiingereza havikutayarishi nao. Mwingereza akitafuta kitenzi ana maumbo machache. Sisi tuna kuchakata, wamechakata, inayochakatwa, zilizochakatwa, uchakataji, wachakataji, na orodha haijaanza hata kuchoka. Kinyota (*) cha Google hakikusaidii, kwa kuwa kinashika nafasi ya neno zima na si kipande cha neno. Na Google husoma maneno 32 tu ya swali lako, yanayozidi hapo huyaacha. Kwa hiyo mtandaoni nachagua maumbo sita au saba ambayo mwandishi wa habari angeyatumia kweli, nayaunganisha kwa OR, na basi.

Ndani ya kopasi yangu mwenyewe niko huru zaidi, naweza kuagiza kila neno lenye kipande "chakat". Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata mchakato wa uchaguzi, mchakato wa katiba, mchakato wa ajira. Nikaamuru: tupa kila linaloanza na "mchakat". Likaondoka na "mchakataji", yule niliyekuwa namtaka. Siku hizi natupa "mchakato" na "michakato" yakiwa maneno kamili, mengine nayaacha. Na ukitaka kuona programu isiyojua Kiswahili ikipotea, ipe sentensi "walimaliza kazi" kisha iulize kama kuna kulima. Itakata wa-lima-liza na kukuletea wakulima. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kulishughulikia tatizo hili tangu miaka ya 1980 kwa programu inayochambua viambishi kimoja kimoja kwa kanuni za lugha, na kopasi ya Kiswahili ya Helsinki imezaliwa na kazi hiyo. Ninapoitumia najisikia kuheshimiwa kama mwenye lugha.

Kuna siku naulizwa mambo ya zamani ya mkoa huu, na hapo hata tahajia ni safari. Kwenye magazeti ya Wajerumani, kama Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899 na ambalo leo linasomeka mtandaoni kupitia maktaba ya taifa ya Berlin, Muheza ni Muhesa, Bagamoyo ni Bagamojo, na Lushoto hutaipata kabisa, maana mji uliitwa Wilhelmstal. Tena herufi zao za kale zina s ndefu inayofanana na f, na programu inayogeuza picha kuwa maandishi hukosea hapo mara kwa mara. Kwa hiyo mkonge natafuta mara mbili: "Sisal", halafu "Sifal". Neno "Sifal" halipo katika lugha yoyote ninayoijua, na limenipa kurasa ambazo "Sisal" halikunipa.

Mzee wa Magoma alipoaga niliomba kile kiberiti, akaniachia. Kipo kwenye droo, na kwenye daftari langu ukurasa wa mdudu huyu una majina ya Kilatini mawili, la Kiingereza moja, ya Kihispania mawili. Chini yake nimechora mistari mitatu mitupu: Kizigua, Kibondei, Kisambaa. Nilisahau kumuuliza yeye kwao wanamwitaje. Jumamosi ijayo kuna gari linakwenda Magoma, nami nimeshaweka nafasi.